Mtoto haoni nyekundu na kijani, kwa baba yake hamna wa hivyo: imetoka wapi?

Swali limetoka kwa mama mmoja, nalifupisha. Kijana wake wa miaka 7 mwalimu kagundua hatofautishi nyekundu na kijani. Mama anaona rangi vizuri, baba anaona vizuri, binti yao mkubwa naye yuko sawa. Marehemu babu yake mtoto, baba mzazi wa huyu mama, alikuwa na shida hiyo hiyo maisha yake yote. Sasa wifi yake anasema wazi kwamba kwao hamna mtu wa hivyo, kwa hiyo mtoto si wa kaka yake, na mume ameanza kukaa kimya. Mama ni mjamzito na anauliza: imetoka wapi, huyu wa tumboni naye atakuwa hivyo, na binti yangu je?

Dada yangu, naanza na hilo linalokunyima usingizi, mengine yatafuata. Mtoto wako wa kiume kuwa na shida ya nyekundu na kijani, wakati baba yake na ukoo mzima wa baba yake wanaona vizuri, hakuonyeshi chochote kuhusu baba yake ni nani. Hata huo ukoo ungekuwa na watu 100 wasiokosea rangi hata moja bado angeweza kuzaliwa hivyo, mana jeni yenyewe, yaani yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, haikupita kwa baba kabisa. Ilikuwa kwa baba yako wewe, ikaja kwako, ikafika kwa mwanao. Umeiandika mwenyewe kwenye swali, kwamba marehemu baba alikuwa hivyo hivyo, na hiyo sentensi moja ndo imebeba jibu lote.

Na nikuambie ukweli wote: hali hii haithibitishi kwamba mtoto ni wa mumeo na wala haikanushi, kwenye hilo swali haina la kusema hata kidogo. Inasema habari zako wewe na baba yako tu. Kwa hiyo anayeitumia kumtuhumu mke wa mtu anatumia kitu kisichohusika, na inaniuma kila nikiona familia inaanza kupasuka kwa sababu ya jambo ambalo penseli na karatasi vingelimaliza jioni moja.

Sasa tuingie ndani. Kwenye karibu kila seli ya mwili wako kuna kromosomu 46, hizi ni kama nyuzi ndefu za DNA zilizokunjwa na kubanwa ndani ya kiini cha seli, na zinakaa kwa jozi, jozi 23. Kila jozi moja ya mama moja ya baba. (Hiyo namba 46 yenyewe imejulikana juzi tu, mpaka mwaka 1956 vitabu vilikuwa vinaandika 48.) Jozi 22 ni sawa kwa wanaume na wanawake. Jozi ya mwisho ndo yenye mambo: mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja. X ni kubwa, ina jeni zaidi ya 800 zinazotengeneza protini, na nyingi hazina uhusiano wowote na jinsia, ziko za kugandisha damu, za misuli, za kuona rangi, za kulinda seli nyekundu za damu. Y ni fupi na jeni zake ni chache mno, kazi yake kubwa inafanywa na jeni moja inaitwa SRY ambayo watafiti wa London waliionyesha mwaka 1990, ndo inayoamuru kiinitete kiwe na korodani, afu homoni zinaendeleza kazi.

Mama anapotoa yai lazima ndani yake kuwe na X, hana kingine cha kutoa. Baba ndo anatoa mbegu za aina mbili, nusu zina X na nusu zina Y. Ikiwahi yenye X ni binti, ikiwahi yenye Y ni kijana. (Hapo hapo nigusie wanawake wanaolaumiwa kwamba wanazaa mabinti tu: yai halina uwezo wa kuchagua, tofauti iko kwenye mbegu, na hata mwanaume mwenyewe hachagui.)

Ukishaelewa hapo, rudi kwa mwanao. Ni wa kiume, maana yake kwa baba yake alipata Y. Angepata X ya baba angekuwa binti. Kwa hiyo ile X moja aliyonayo, na kila jeni iliyo juu yake, kaipata kwako. Baba hampi mwanawe wa kiume X, na kitu kinachokaa kwenye X hakitoki kwa baba kwenda kwa kijana wake. Hili ndo wifi yako hajaelezwa na simlaumu sana kwa kutolijua, ila mtu akiwa hajui asikimbilie kutuhumu.

Jeni za kuona nyekundu na kijani ziko mbili, zote zipo mwishoni kabisa mwa X, zimekaa jirani. Nyuma ya jicho kuna seli zinaitwa koni, aina tatu, moja inashika zaidi mwanga mwekundu, moja kijani, moja bluu. Ile ya bluu jeni yake iko mbali, kwenye kromosomu namba 7, ndo mana shida ya bluu ni adimu na ikitokea inawapata wanawake na wanaume sawasawa. Ila hizi mbili za kwenye X zinafanana kupita kiasi, protini zake zinalingana kwa asilimia 96 hivi, na huko ndiko tatizo linakoanzia. Wakati mwili wa mwanamke unatengeneza mayai, zile X zake mbili zinalala pamoja na kubadilishana vipande, sasa jeni zikifanana hivyo ni rahisi zikapishana vibaya, X moja ikaondoka na jeni ya kijani ya ziada na nyingine ikaondoka bila, au ikaondoka na jeni iliyochanganyika nusu nyekundu nusu kijani. Jeremy Nathans na wenzake ndo walizipata hizi jeni mwaka 1986. Zinavyopishana kirahisi hivyo, hali yenyewe imekuwa ya kawaida sana: kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni wanaume kama 8 kati ya kila 100, huku wanawake ni kama 1 kati ya 200.

Angalia hizo namba vizuri, zenyewe zinakueleza jeni inakaa wapi. Mwanaume ana X moja, ikiwa na hitilafu hana akiba. Mwanamke ana mbili, ya kwanza ikiwa na hitilafu ya pili inafanya kazi, kwa hiyo ili ashindwe kuona lazima zote mbili ziwe mbovu. Zidisha 8 kati ya 100 kwa 8 kati ya 100, unapata 64 kati ya 10,000, ambayo haiko mbali na ile 1 kati ya 200, yaani 50 kati ya 10,000.

Wewe sasa. Baba yako alikuwa na X moja tu na ilikuwa na hitilafu. Wewe ni binti yake, kwa hiyo lazima alikupa hiyo hiyo, hakuwa na nyingine ya kukupa. X ya pili ukaipata kwa mama yako, ikiwa nzima, ndo inayokuonesha rangi. Mtu kama wewe anaitwa mbebaji, na hapa hata kupimwa hakuhitajiki, ni lazima uwe mbebaji. Dada zako wa baba mmoja nao ni wabebaji wote, waambie, hasa wenye watoto wa kiume. Kaka zako hawakuichukua kwa baba, wao walipata Y.

Kijana wako alipotungwa kulikuwa na nusu kwa nusu, apate X ya babu yake au apate ile ya bibi yake. Kapata ya babu. Basi, hilo tu ndo lililotokea.

Mwendo huu wa babu kwenda kwa mjukuu kupitia binti ambaye mwenyewe haonyeshi dalili, daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, aliuandika mwaka 1876 akifuatilia familia za wagonjwa wake, na wakati huo hakuna aliyejua X ni kitu gani. Kilichofungua mlango ni nzi wadogo wa matunda. Mwaka 1910 kule New York, Thomas Hunt Morgan alipata nzi dume mmoja mwenye macho meupe katikati ya wenye macho mekundu. Akamzalisha na jike wa macho mekundu, watoto wakatoka na macho mekundu, akawazalisha wale watoto wenyewe kwa wenyewe, weupe ukarudi, ila kwa madume tu! Babu, binti, mjukuu, ni ule ule mwendo wa kwako. Mwaka uliofuata Edmund Wilson akasema shida ya rangi kwa binadamu lazima nayo iko kwenye X, na hiyo ikawa sifa ya kwanza ya binadamu kuwekwa kwenye kromosomu inayojulikana. Naisimulia ili wifi yako ajue kwamba mfano wa familia yenu ndo ule ule uliofundisha dunia jinsi hizi jeni zinavyosafiri, sio kioja.

Kuhusu wa tumboni. Mumeo anaona vizuri kwa hiyo X yake ni nzima. Akiwa binti, atapata X nzima ya baba, ataona rangi, na kuna nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji kama wewe. Akiwa kijana, kuna nusu kwa nusu ya kuwa kama kaka yake. Kabla hujajua ni jinsia gani, uwezekano wa kupata mtoto wa kiume mwenye hali hii ni 1 kati ya 4. Na hapa watu wengi wanakosea, wanadhani kwa vile mmoja ameshaipata basi anayefuata amepona zamu. Hapana. Kila mimba inaanza upya, mayai hayakumbuki yaliyopita, unaweza kupata vijana watatu wote wakawa nayo na unaweza kupata watatu wote wakakosa.

Binti yako mkubwa anaona vizuri lakini hiyo haimaanishi hajabeba, yeye ni nusu kwa nusu. Akikua ajue tu, asitishwe. Na kijana wako mwenyewe siku akioa, watoto wake wa kiume hataweza kuwapa hii hali hata mmoja, ila mabinti zake wote watakuwa wabebaji, wote bila kubakiza. Isipokuwa tu mkewe naye awe mbebaji, hapo yanabadilika, wanaweza kuzaliwa hata mabinti wasiotofautisha rangi.

Ulisema ulisikia kwamba wanawake hawaugui kabisa magonjwa ya X. Hilo nalikataa, mana limeumiza watu. Mwaka 1961 Mary Lyon, mwanasayansi wa Uingereza, alieleza kwamba kwenye kila seli ya mwanamke X moja inazimwa mapema sana akiwa bado kiinitete, na ipi izimwe ni bahati nasibu ya seli hiyo, afu seli zote zitakazozaliwa na hiyo zinafuata uamuzi ule ule. Kwa hiyo mwili wa mwanamke ni mchanganyiko, sehemu hii inatumia X ya baba, sehemu ile X ya mama. Ukitaka kuona kwa macho yako tazama paka mwenye mabaka ya rangi ya chungwa na meusi, karibu kila mara ni jike, jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye X na kila baka linakuonyesha X ipi imebaki wazi hapo.

Mara nyingi mgawanyo unakuwa karibu nusu kwa nusu na mambo yanaenda vizuri, kama wewe na macho yako. Ila mgawanyo ukiegemea upande mbovu, mbebaji anapata dalili. Kwa rangi si jambo kubwa. Kwa hemofilia, ambayo damu haigandi inavyotakiwa na jeni zake nazo ziko kwenye X, ni jambo kubwa sana: kuna wanawake wabebaji wanaotoka damu nyingi mno kila hedhi, wanaotoka damu hatari wakijifungua, na miaka yote wameambiwa we ni mbebaji tu huumwi. Mwanamke mwenye kaka, baba au mjomba mwenye hemofilia apimwe kiwango cha vigandisha damu kabla ya kujifungua au kufanyiwa upasuaji wowote, hata kung'olewa jino. Vilevile wapo wanaozaliwa na X moja tu badala ya mbili, inaitwa sindromu ya Turner, kama msichana 1 kati ya 2,500, hawa kwa magonjwa ya X wanakuwa kama wavulana, hawana akiba.

Na isiwe lazima kuwe na babu. Kwako babu yupo kwa hiyo njia iko wazi, lakini kuna wakati jeni inaharibika upya kabisa kwenye yai au mbegu. Duchenne, ugonjwa wa misuli unaowapata wavulana, kama theluthi moja ya watoto mama zao si wabebaji. Malkia Victoria wa Uingereza alibeba hemofilia na baba yake hakuwa nayo, mwanawe Leopold akafa nayo mwaka 1884, mabinti wakaipeleka kwenye familia nyingine za kifalme mpaka kwa Alexei, mtoto wa mfalme wa mwisho wa Urusi.

Nitaje na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, mana ndo wa X unaowagusa watu wengi zaidi duniani, zaidi ya milioni 400, na uko zaidi sehemu zenye malaria au zilizokuwa nayo zamani. Mwenye nao anaishi vizuri tu mpaka akutane na dawa fulani, primakwini ya malaria ikiwemo, seli nyekundu zinapasuka, mkojo unakuwa mweusi. Mwendo wake kwenye ukoo ni huu huu wa mama kwenda kwa kijana. Kwa hiyo kama kwenu kuna mjomba aliyewahi kukojoa mweusi baada ya dawa, mwambie daktari kabla hujameza kitu.

Ila tusizidishe, si kila kinachoonekana kwa wanaume kiko kwenye X. Upara, watu wanasema tazama babu mzaa mama. Kuna ukweli ndani, jeni moja kubwa inayochangia iko kwenye X, lakini kuna nyingine nyingi kwenye kromosomu za kawaida ambazo baba anazitoa vizuri kabisa, ndo mana unaona baba na mwana wote vipara. Selimundu haiko kwenye X, ualbino wa ngozi na nywele hauko kwenye X, hizo zinahitaji baba na mama wote wawili. Na kuna sifa ambazo jeni anazo kila mtu ila zinaonekana kwa jinsia moja tu, fahali hatoi maziwa lakini anampa ndama jike wake jeni za maziwa mengi au machache, mfugaji yeyote anayechagua fahali analijua hilo.

Kwa mumeo, usimpe maelezo yangu yote haya, mchoree. Wanaume mraba, wanawake duara. Juu weka baba yako, mraba uliojazwa rangi, pembeni mama yako, duara tupu. Chini yao wewe, duara lenye nukta katikati, pembeni yako mumeo, mraba mtupu. Chini yenu watoto. Afu andika X na Y ya kila mtu, ile X ya baba yako uiandike kwa kalamu ya rangi tofauti, na umuulize yeye mwenyewe afuate hiyo X imetoka wapi mpaka kwa mtoto. Akifuata kwa kidole chake ataona haipiti kwake. Wifi naye awepo kama inawezekana, mana alilisema mbele za watu na inafaa asikie mbele za watu.

Kijana mpeleke kwenye kliniki ya macho wamuonyeshe zile picha za vidoti zenye namba ndani, Shinobu Ishihara wa Japani alizitoa mwaka 1917 na mpaka leo zinatumika. Dawa hamna, miwani ya rangi inaweza kumsaidia kutenganisha baadhi ya vitu lakini haimpi koni asizonazo. Macho yake hayataharibika zaidi kadiri anavyokua. Kinachomsaidia ni vitu vidogo: kalamu zake za rangi ziandikwe majina, mwalimu asitumie nyekundu na kijani kutofautisha jibu sahihi na kosa, taa za barabarani ajifunze kwa mahali, ya juu na ya chini. Mueleze mapema pia kwamba kazi kama urubani na udereva wa treni zina kipimo cha rangi, ni afadhali alijue akiwa na miaka 12 kuliko alijue siku ya usaili. John Dalton, mwanakemia wa Uingereza, alikuwa nayo yeye na kaka yake, akaieleza mwaka 1794 akidhani maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya bluu, akaagiza akifa wamkague. Wakayakuta maji hayana rangi kabisa. Kipande cha jicho lake kilihifadhiwa, na mwaka 1995 DNA yake ikaonyesha hakuwa na jeni ya kijani.

Wa tumboni usihangaike kumpima sasa hivi. Akizaliwa kijana, subiri afike miaka minne au mitano awe anaweza kutaja namba au kufuata mstari kwa kidole, hapo ndo zile picha zitakupa jibu la kuaminika, kabla ya hapo mtoto anaweza kukosea jina la rangi kwa sababu tu bado hajalijua.